Nguzo za ghorofa la mzee pale Mwanga: nizizungushie nyuzi za kaboni au nizivalishe zege?

Mjukuu wa Ujiji (mtoa mada)

Wakuu, heshima kwenu. Nina jambo linaninyima usingizi. Naomba walio kwenye ujenzi wanisaidie, na wenye majengo ya zamani huku Kigoma wachangie pia.

Mzee wetu alijenga jengo la ghorofa moja pale Mwanga miaka ya sabini. Chini fremu za maduka, juu vyumba vya kupangisha. Mzee ametangulia mbele ya haki, jengo ni la familia, na mimi ndiye niliyekabidhiwa funguo na lawama. Mdogo wangu anataka tupandishe ghorofa ya pili. Tukiwa bado tunabishana, akaja jamaa wa kampuni moja ya Dar na mkoba wa sampuli: kitambaa cheusi cha nyuzi za kaboni na makopo mawili ya epoksi, ile gundi ya kukibandikia. Anasema nguzo zetu haziwezi kuhimili tetemeko la ardhi, ila tukizizungushia kitambaa hicho, kazi ya muda mfupi bila kufunga maduka, jengo litasimama hata lije tetemeko la aina gani. Bei aliyotaja siiandiki hapa, mama akiisoma presha itapanda.

Ninachouliza: hiki kitu ni cha kweli au ni maneno ya biashara? Na kama ni cha kweli, kinalifaa jengo kama letu? Nawasilisha.

Mvuvi wa Kibirizi

Mkuu, mimi nimezaliwa hapa. Ardhi inatikisika, vikombe vinagongana kabatini, tunatoka nje, tunacheka, tunarudi kulala. Sijaona ghorofa lililodondoka Mwanga. Hiyo hela nunua injini ya boti, utakuja kunishukuru.

Mama Gesti

Mvuvi, unacheka kwa sababu mwaka 2005 hukuwa ghorofani. Ilikuwa mchana wa tarehe 5 Desemba. Mimi niko juu natandika vitanda, ukuta ukapasuka kuanzia pembe ya dirisha hadi darini nikiuangalia. Kitovu kilikuwa ziwani, kipimo 6.8, na nyumba zilizoanguka na kuua watu zilikuwa za Kalemie. Sisi tuliguswa kwa mbali tu. Haya, lingetokea hapo mbele ya Bangwe ungekuja kuniambia habari za injini?

Mjukuu mwanangu, endelea kuuliza. Gesti yangu ni ya umri huohuo, nasoma kila kitu.

Mhaya wa Ihungo

Namuunga mkono mama. Bukoba nasi tulikuwa tunacheka hivyohivyo mpaka Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016. Kipimo 5.9 tu, watu 17 wakatutoka, maelfu ya nyumba yakaharibika, sekondari za Ihungo na Nyakato ikabidi zijengwe upya. Niwe mkweli lakini: nyingi zilizolala chini zilikuwa nyumba za tofali na udongo zisizo na nguzo wala lenta, kwa hiyo sisemi hicho kitambaa kingesaidia kule. Nasema tu kwamba "sijawahi kuona" si hoja.

Nondo 16

Mtoa mada, mimi ni mhandisi wa majengo, siuzi chochote. Nitaandika kirefu, mwenye haraka aruke.

Kwanza Mvuvi. Kigoma tuko kwenye mkono wa magharibi wa Bonde la Ufa, na Ziwa Tanganyika lenyewe ni ufa uliojaa maji. Tarehe 13 Desemba 1910 upande wa Rukwa lilipiga tetemeko la takriban 7.4, miongoni mwa makubwa kabisa ya Afrika katika karne ile. Wakati huo hapa hapakuwa na ghorofa la zege hata moja, reli yenyewe ilifika Kigoma mwaka 1914. Maana yake majengo yetu ya zege hayajawahi kupewa mtihani wa aina ile kwa karibu. Hayajafaulu, hayajafanya tu.

Sasa kitambaa. Ni cha kweli, na kina historia. Tetemeko la San Fernando, California, mwaka 1971 liliwaonyesha Wamarekani kwamba nguzo zao za madaraja zilikuwa na nondo kubwa za kutosha lakini ringi chache mno, yaani vile vyuma vyembamba vinavyozifunga nondo za wima kwa kuzizunguka. Baada ya tetemeko la Loma Prieta mwaka 1989 walianza kwa wingi kuzivalisha nguzo magamba ya chuma, na Northridge, hukohuko California, ilipotikisika mwaka 1994 nguzo zilizokuwa zimevalishwa zilisimama. Gamba la chuma ni zito, linataka kreni na kuchomelea, hivyo watafiti wa huko wakaanza kujaribu nyuzi za kioo na za kaboni. Wajapani walikuwa wameshaanza miaka ya themanini, wakifunga mabomba ya moshi ya viwandani kwa kaboni. Baada ya Kobe kuvunjika Januari 1995 ikawa kazi ya kila siku kwao.

Inafanyaje kazi? Chukua gunia la mahindi lililojaa, ukalie juu. Halipasuki kwa juu, linatuna ubavuni. Zege ni vilevile: ukiligandamiza kwa juu linataka kutanuka kwa pembeni, na kinacholizuia ni ringi. Tetemeko linaisukuma nguzo huku na huku, ngozi ya nje inabanduka, na kama ringi ziko mbalimbali, zege la ndani linamwagika na nondo za wima zinapinda nje. Hapo jengo linakaa chini. Kitambaa kinachozungushwa kwa mlalo kinafanya kazi ya ringi nyingi mno zilizosogezwa kabisa. Pia kinazuia ule ufa wa mshazari unaokata nguzo kama herufi X, na hicho ndicho kifo cha ghafla kuliko vyote.

Wembamba wake usiwadanganye. Tabaka moja la nyuzi za kaboni lina unene wa sehemu ya kumi ya milimita na kidogo, lakini nyuzi zenyewe zina nguvu ya kuvutwa ya megapaskali (kipimo cha nguvu kwa eneo) 3,500 na zaidi, wakati nondo za kawaida ni mamia tu. Mfano wa hesabu: nguzo ya duara ya milimita 300, tabaka mbili za milimita 0.167, ukiruhusu nyuzi zivutike asilimia 0.4. Utapata mbano wa takriban megapaskali 2 kuzunguka nguzo nzima, na zege la megapaskali 20 litafanya kazi kama la 26 hivi. Kikubwa zaidi kuliko hizo megapaskali sita zilizoongezeka ni kwamba nguzo itayumba mbali zaidi kabla ya kukata tamaa.

Sasa shida yenu. Sijaona jengo la Mwanga la miaka ile lenye nguzo za duara. Zote ni za mraba au mstatili. Kitambaa kinabana kwenye pembe tu. Katikati ya ubavu, zege linatuna kama kawaida. Hesabu ileile kwa nguzo ya mraba ya 300 kwa 300 iliyosagwa pembe hadi mviringo wa milimita 25, mbano unaofaa unashuka hadi kama megapaskali 0.8. Yaani chini ya nusu, kwa kitambaa kilekile na hela ileile. Ikiwa ya mstatili ambao upande mmoja unazidi mwingine mara moja na nusu, usitegemee mbano wa maana kabisa.

Anayekuambia "tetemeko la aina gani" mwambie akuandikie na kusaini.

Fundi Gungu

Injinia amesema kweli kuhusu ringi. Mimi nimebomoa majengo ya enzi hizo. Unakuta ringi za milimita 6, nafasi kati ya ringi na ringi kiganja kimoja na nusu, na ncha zimekunjwa pembe mraba tu, hazijaingia ndani ya zege. Zikivutwa zinafunguka. Na mafundi wa leo msicheke, wengi bado mnakunja hivyohivyo kwa sababu ndoano ya kuingia ndani inachelewesha kumwaga zege.

Nondo za enzi hizo nyingi ni laini, hazina meno. Hapo injinia atuambie.

Nondo 16

Fundi, umegusa kidonda. Tulikuwa tunajenga kwa kanuni za Uingereza, na Waingereza hawana matetemeko ya maana. Kanuni zao za zege, BS 8110 ya mwaka 1985 na zilizoitangulia, zilitaka nafasi ya ringi isizidi mara 12 ya unene wa nondo ndogo ya wima. Kwa nondo za 16 hiyo ni milimita 192. Yalikuwa maagizo ya kubeba mzigo wa wima, tetemeko halimo. Na hata hayo, kama unavyosema, eneo la ujenzi halikuyafuata kila mara. Kwenye tetemeko tunataka kama nusu ya nafasi hiyo kwenye vichwa na miguu ya nguzo, na ncha zikunjwe kwa pembe ya nyuzi 135 ziingie ndani.

Nondo laini: zikiunganishwa kwa kupishana juu kidogo ya sakafu, kama walivyofanya kila mahali, tetemeko linazichomoa kwa kuteleza. Nondo zenye meno ukizibana kwa kitambaa zinashika. Laini siziamini hivyo.

Mwana wa Kasulu

Swali la mtu wa kawaida. Hizo nguzo za Kigoma si zimejengwa kwa mchanga wa ziwani? Chumvi si imeshazila nondo?

Nondo 16

Ziwa Tanganyika ni maji baridi, mkuu, chumvi ipo Uvinza. Tatizo la mchanga wa ufukweni ni vumbi na udongo uliomo kama haukuoshwa. Kutu ya nondo huku mara nyingi inatokana na hewa: gesi ya kaboni dioksidi inapenya kwenye zege dhaifu polepole mpaka inafikia nondo, kinga inaisha, kutu inaanza. Inapimwa kirahisi. Unavunja kipande, unapulizia fenolftaleini papo hapo. Zege zima linageuka waridi, lililochoka linabaki na rangi yake.

Na hili ni muhimu: ukifunga kitambaa juu ya nondo inayoendelea kula kutu, umefunika jipu. Kutu inatanuka, inavimba ndani ya gamba, na huoni ufa wowote wa kukuonya.

Mama Gesti

Injinia, na moto? Chini ya gesti yangu kuna mama lishe na mchomeleaji. Gundi si inaungua?

Nondo 16

Swali zuri kuliko yote hapa, mama. Epoksi nyingi zinazokauka bila kupashwa moto zinaanza kulainika kwenye nyuzi joto 60 hadi 80 hivi. Kaboni yenyewe haitishiki, lakini gundi ikilainika nyuzi hazifanyi kazi pamoja tena. Ndiyo maana mwongozo wa Marekani, ACI 440.2R, unataka nguzo iweze kubeba mzigo wake wa kawaida hata kitambaa chote kikipotea. Kitambaa ni cha siku ya tetemeko.

Hapo hapo mdogo wake mtoa mada amejibiwa. Ghorofa ya pili inayotegemea kitambaa ili isimame, hapana. Moto mmoja dukani na yote yanashuka. Jua nalo linaichakaza epoksi, kwa hiyo nguzo ya nje lazima ipakwe rangi ya kuikinga au ipigwe plasta.

Mvuvi wa Kibirizi

Haya nimenyamaza. Ila swali: zege la kuvalisha si rahisi zaidi? Kokoto tunazo, saruji ipo, fundi yupo. Kaboni mpaka meli.

Nondo 16

Mvuvi leo umeongea. Kwa majengo mengi ya huku ningeanza na zege. Unachubua nguzo, unatoboa sakafu, unapitisha nondo mpya kutoka msingi hadi juu, ringi za karibukaribu, unamwaga zege la milimita 100 kila upande. Nguzo inapata nguvu na ugumu pamoja, kitu ambacho kitambaa hakikupi: nyuzi za mlalo haziongezi nguvu ya kupinda wala haziifanyi nguzo iwe ngumu zaidi. Hasara zake ni uzito, nafasi inayoliwa dukani, vumbi, wapangaji kuondoka, na msingi kupimwa upya. Njia ya kati ni pembe za chuma nne kwenye kona, zikaunganishwa kwa vipande vilivyochomelewa, na mwanya kujazwa zege jembamba lisilosinyaa. Mafundi wa kuchomelea Kigoma tunao wazuri, wanatengeneza boti.

Kitambaa kinashinda mahali pasipo na nafasi, au nguzo inayoogopwa kukatwa kwa mshazari, au panapohitajika haraka. Kiwango cha Ulaya cha kukarabati majengo dhidi ya tetemeko, EN 1998-3, kinazitaja njia zote tatu, kwa hiyo si ushabiki wa timu.

Mjukuu, kabla hujanunua chochote fungua plasta nguzo kadhaa, mtafute mhandisi aliyesajiliwa na bodi ya wahandisi, apige nyundo ya Schmidt inayopima ugumu wa zege kwa kuligonga, atoboe sampuli za zege zipelekwe maabara. Halafu urudi hapa.

Mjukuu wa Ujiji

Wakuu, nimerudi. Mama alilalamika kuhusu plasta lakini tumefungua. Mhandisi tuliyempata amenipa ripoti, nafupisha:

Nguzo za mbele na katikati ni 230 kwa 400, nondo laini za 16, ringi za 6 zenye nafasi ya kama 250. Maungio ya nondo yako juu tu ya sakafu ya ghorofa, kama Fundi alivyosema. Sampuli za zege zimetoa kati ya megapaskali 13 na 16. Fenolftaleini imekuwa waridi ndani, nje kidogo tu imechoka, kutu ni ya juujuu. Ila ameandika jambo ambalo sikulitegemea: "nguzo si tatizo la kwanza." Anasema chini kumekaa wazi mno. Upande wa barabarani ni milango ya mageti mwanzo hadi mwisho, juu ni kuta za tofali kila chumba. Na nguzo mbili za ngazi amezizungushia alama nyekundu.

Nondo 16

Mshikilie mhandisi huyo.

Chini kukiwa wazi na juu kuta tupu, tetemeko halilitikisi jengo lote kwa usawa. Juu kunaenda kama sanduku moja gumu, kuyumba kote kunaishia kwenye nguzo za maduka. Izmit, Uturuki, mwaka 1999 majengo mengi ya namna hiyo yalikaa chini, ghorofa ya maduka ikatoweka, za juu zikabaki karibu nzima. Ukizungushia kitambaa nguzo zote, zitayumba mbali zaidi kabla ya kuvunjika, ni kweli, lakini bado umeziachia kazi yote. Na 230 kwa 400 uwiano umezidi moja na nusu, kwa hiyo mbano ni haba hapohapo.

Dawa ni kupunguza kuyumba. Kuta za zege lenye nondo chini, ukuta wa nyuma na angalau kuta mbili kati ya fremu na fremu, zikiwa na msingi wake, zikishikwa na nguzo na bimu zilizopo kwa nondo zilizopachikwa kwa epoksi. Ziwekwe kwa mielekeo yote miwili ya jengo, urefu na upana, na zisirundikane upande mmoja, la sivyo jengo litajizungusha. Mteja bado anaingia dukani kwa mbele. Nguzo za mbele mbili za pembeni zivalishwe zege, huko nafasi ipo.

Nguzo za ngazi, sasa hapo mwite jamaa wa kaboni. Bimu ya kituo cha ngazi imezishika katikati, hivyo zimekuwa fupi. Nguzo fupi ni ngumu, inavuta nguvu nyingi kuliko wenzake na inakatwa kwa mshazari bila kuaga. Madarasa yetu mengi yana ugonjwa huo: ukuta unajengwa hadi chini ya dirisha, nguzo inabaki na kipande kifupi juu. Kwenye ngazi huwezi kuongeza milimita 100 kila upande, watu hawatapita. Kitambaa kinachozunguka pande zote nne kinaongeza uwezo dhidi ya kukatwa vizuri tu hata kwenye nguzo ya mstatili, na zege lako dhaifu halikizuii sana kwa sababu kimefunga mzunguko kamili, hakitegemei kunata peke yake. Kinachonata upande mmoja tu, mwongozo unataka zege la angalau megapaskali 17, na wewe hunalo.

Fundi Gungu

Kwenye kupachika, injinia, tuambie mapema. Nimeona kazi moja Dar kitambaa kimejaa mapovu.

Nondo 16

Plasta yote itoke mpaka zege. Nyufa kubwa zisindikwe epoksi kwanza, mashimo yazibwe. Pembe zisagwe kwa grinda. Chini kabisa milimita 13 za mviringo, lakini lenga 25, na uangalie usifikie nondo maana enzi hizo walifunika kidogo. Ukifikia, acha kusaga, jenga mviringo kwa kujaza upande. Futa vumbi lote, paka gundi ya kwanza, kisha lainisha kwa epoksi nzito. Kitambaa kilowe epoksi hadi kila uzi, kizungushwe kwa mlalo kimenyooka, ncha ipishane, na rola ipite mpaka hewa yote itoke. Siku ya pili gonga kwa sarafu nguzo nzima. Panapolia tupu pana povu.

Zege liwe kavu. Msifanye kazi ukuta ukiwa na umande wa asubuhi wala wakati wa masika. Na msichanganye kopo zima kwa mkupuo mchana wa joto, litaganda ndani ya ndoo kabla hamjafika nguzo ya pili.

Mjukuu wa Ujiji

Nimempigia jamaa wa Dar, nimemwambia ninataka bei ya nguzo mbili tu. Amekaa kimya kidogo, akasema atanirudia. Mdogo wangu naye ameambiwa habari ya moto, amenuna lakini ameelewa. Wapangaji wa fremu tumekubaliana wahame kwa zamu, fremu moja moja, tuanze na ukuta wa nyuma.

Mama Gesti

Mjukuu, namba ya huyo mhandisi nitumie faragha. Na nguzo zangu za ngazi zimeshikwa katikati vilevile, nimetoka kuziangalia sasa hivi.